Nyanya Zaugua: Tazama Kwanza, Nunua Dawa Baadaye

Wakulima wa mboga wakikutana sokoni siku za mwisho wa mavuno, mazungumzo yao huwa ni yale yale. Mmoja asema, "Nyanya zangu zimeungua." Wa pili ajibu, "Hata zangu. Jaribu dawa hii, jirani yangu aliipiga ikamfaa." Basi yule wa kwanza huenda dukani, akatoa pesa, akajaza bomba, akapiga dawa shamba zima. Baada ya wiki mbili shamba liko vile vile, na pesa zilizowekwa kwa karo ya mtoto zimekwisha.

Kosa liko wapi? Pengine dawa ni nzuri, na jirani alisema kweli. Kosa limo katika neno lile "zimeungua", maana hutumiwa kwa magonjwa matatu yasiyo na undugu. Wa kwanza huletwa na upepo na unyevu. Wa pili hukaa ndani ya udongo. Wa tatu hauambukizi hata kidogo. Dawa inayozuia ule wa kwanza haifanyi lolote kwa wa pili, na wa tatu hautaki dawa ya ukungu wala ya wadudu. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujafungua mfuko wako, ingia shambani asubuhi mapema, uiname, utazame.

1. UGONJWA WA BARIDI

Huu ndio vitabu vya kilimo huuita bakajani chelewa. Hupenda baridi na unyevu, kama siku za mvua ndefu, na miezi ya Juni mpaka Agosti katika nyanda za juu, ukungu unapokaa juu ya mashamba mpaka saa nne.

Tazama majani. Utaona mabaka ya rangi ya kahawia au nyeusi, kama jani lililomwagiwa maji moto. Geuza jani asubuhi kabla jua halijawa kali: mara nyingi utaona unga mweupe ukingoni mwa baka. Shina nalo hupata mabaka meusi, na tunda hupata baka gumu la kahawia, mara nyingi upande wa juu karibu na kikonyo.

Ugonjwa huu huenda upesi sana. Shamba lililokuwa kijani laweza kuwa jeusi kwa siku chache. Ndio huo huo ulioharibu viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka wa 1845, ukaleta njaa kubwa. Basi haifai kupanda nyanya kando ya viazi, kwa maana kimoja kitakiambukiza kingine.

Hapa dawa ya ukungu yafaa, lakini kwa wakati wake. Nyingi za dawa hizi hulinda jani zima. Haziponyi jani lililokwisha kuoza. Kwa hiyo hupigwa kabla ugonjwa haujaenea, hali ya hewa inapoanza kuwa ya ukungu na manyunyu. Soma karatasi iliyo juu ya chombo, ufuate kipimo chake. Soma pia siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ukiambiwa siku 7, usivune siku ya 3 kwa sababu lori limefika. Watakaokula nyanya hizo ni watu.

Tena saidia dawa kwa kazi ya mikono. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche ili upepo upite. Simamisha miche kwa vijiti. Kata majani ya chini yanayogusa ardhi. Mwagilia penye mizizi, wala si juu ya majani, na umwagilie asubuhi.

2. MNYAUKO

Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote, na ndio unaowapotezea wakulima pesa nyingi za dawa bure. Mche mzuri wenye matunda hulegea saa sita mchana, jioni ukainuka kidogo, kesho ukalegea tena, kisha ukafa. Ajabu yake ni kwamba hufa ungali kijani. Hauna mabaka wala tundu la mdudu. Mkulima husema, "Umekosa maji," akaongeza maji. Na maji hayo yakitiririka huchukua vijidudu vya ugonjwa mpaka mche wa pili.

Kuna jaribio ambalo kila mtu aweza kulifanya nyumbani. Kata kipande cha shina kutoka karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kitie katika gilasi ya maji safi, ukishike kininginie bila kukitikisa. Ngoja dakika 5. Ukiona nyuzi nyeupe zateremka kutoka mahali ulipokata, kama maziwa ndani ya maji, huo ni mnyauko wa bakteria. Maji yakibaki safi, tafuta sababu nyingine, kama wadudu wa mizizi.

Dawa ya kuponya mche wenye mnyauko hakuna. Ng'oa mche pamoja na mizizi na udongo wake, uutie katika ndoo, uuchome mbali na shamba. Usiutupe mferejini, wala katika shimo la mboji. Osha jembe na viatu kwa sabuni kabla ya kwenda upande mwingine.

Tena, usirudishe nyanya mahali hapo msimu unaofuata. Wala usipande viazi, biringanya, pilipili hoho wala mnavu, kwa maana hizo zote ni jamaa moja na nyanya, na ugonjwa huu huzishika. Panda mahindi, kabichi, sukuma wiki au vitunguu. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu vijidudu hivyo huishi udongoni miaka mingi. Na miche inayojiotea yenyewe, ya nyanya au viazi, ing'oe. Hiyo ndiyo huwalisha.

3. KUOZA KITAKO

Hapa majani ni mazuri na shina lina nguvu, ila tunda lina baka jeusi lililobonyea, gumu kama ngozi. Liko chini kabisa, pale ua lilipodondoka. Hiyo ndiyo alama yake.

Hakuna kijidudu kinacholeta jambo hili. Tunda limekosa kalsiamu, chakula kile kilichomo katika chokaa. Mara nyingi kalsiamu imo ardhini, lakini hupanda na maji. Ukimwagilia sana leo, kisha ukaacha wiki nzima udongo ukapasuka, tunda hukosa chakula hicho wakati linapokua. Mbolea nyingi ya kukuza majani huzidisha shida.

Dawa yake ni maji kidogo kwa taratibu, na matandazo ya nyasi kavu kuzunguka shina. Tunda lililokwisha kuoza lichume, mti ulishe mengine. Yanayofuata yaweza kuwa mazima.

MAVUNO YAKIISHA

Usiache miche mizee imesimama shambani. Ndimo anamokaa yule nondo mdogo atobolaye majani na matunda, aliyeingia Kenya mwaka wa 2014, ambaye Tanzania humwita kanitangaze. Ng'oa na uchome yote kabla ya kupanda tena.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Mche umelegea mchana, majani ni kijani, udongo una maji. Utafanya jaribio gani kabla ya kununua dawa?

2. Nyanya kumi zina baka jeusi kitakoni, majani ni mazima. Je, utajaza bomba, au utatafuta nyasi kavu?

3. Ni mwezi wa Julai, na jirani yako wa juu ana viazi vyenye majani meusi. Wewe utafanya nini leo, usingoje kesho?

Majibu yote yamo katika somo hili. Ukiona alama usiyoifahamu, funga mche mzima katika gazeti, uutie katika ndoo yenye kifuniko, umpelekee Bwana Shamba wa wadi yako. Na ukikutana na wenzako sokoni, mmoja akasema nyanya zake zimeungua, usimtajie dawa upesi. Mwulize kwanza: zimeungua wapi?