Bahasha za Matumizi ya Nyumbani

Wapendwa mume na mke, ugomvi mwingi wa fedha huanza pale mmoja asipojua mwenzake ametumia nini. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zaweza kwisha bila kuguswa kwa mkono. Bahasha huzirudisha mezani, mkaziona nyote wawili.

Siku ya mshahara, ketini pamoja mzihesabu. Tuseme mna shilingi 20,000: kodi ya nyumba 5,000, chakula 8,000, karo 3,000, nauli 2,000, sadaka 1,000 na dharura 1,000. Andikeni kazi na kiasi juu ya kila bahasha. Kodi na karo zilipeni upesi. Fedha nyingi zisilale nyumbani. Za chakula zigawanyeni, 2,000 kila wiki, ili mwisho wa mwezi usiwakute na sufuria tupu.

Bahasha moja ikiwa tupu, msichote kwenye nyingine kimyakimya. Zungumzeni, mkubaliane, mwandike kilichotolewa. Hivyo mke hataomba pesa za unga kama mtoto, wala mume hatashukiwa kila jioni.

Jiulizeni leo: kwetu ni bahasha gani ingeisha kwanza, na kwa nini?