USALAMA NA AFYA: Maua ya zinia katika lupango letu



Mama mmoja wa Manika aliniuliza hivi: "Munganga, watoto wanangoja bukari na lengalenga, nawe unatufundisha maua? Ua halijazi sahani!" Swali lake ni la haki. Somo letu la leo ndilo jibu.

1. Kwa nini maua?

Tazama lupango lako vizuri. Karibu kila lupango lina sehemu isiyofaa kwa chakula: kando ya barabara ya malori, mahali panapomwagwa maji ya kufulia nguo za kazi, mahali palipowekwa zamani mifuko ya mawe ya madini, au mahali paliposawazishwa kwa udongo ulioletwa kutoka mgodini. Udongo wa namna hiyo unaweza kuwa na shaba, kobalti, risasi na madini mengine yenye madhara. Lengalenga, sombe na matembele yakipandwa hapo, vumbi hushika juu ya majani, na mizizi huvuta madini ndani. Ukiosha mboga, unatoa vumbi la juu. Yaliyo ndani hayatoki kwa maji, wala kwa kupika.

Basi tuache sehemu hiyo wazi? Hapana! Udongo mtupu ni vumbi. Upepo wa kiangazi hulipeleka ndani ya nyumba, kwenye vyombo na kitandani. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole kinywani. Wote tunakumbuka habari ya Kasulo, hapa Kolwezi, ambako mwaka 2014 madini ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba za watu, na mtaa ukageuka machimbo. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya upimaji wao: kobalti ilikuwa nyingi katika mkojo wa wakaaji wa Kasulo, na kwa watoto ilikuwa nyingi zaidi. Vumbi halichagui mchimbaji na asiye mchimbaji.

Kwa hiyo, mama, tugawanye kazi. Udongo mzuri, ulio mbali na barabara, uwe wa mboga. Udongo unaoutilia mashaka uwe wa maua. Ua halitajaza sahani, lakini litafunika udongo usiingie katika sahani.

Tuwe wakweli: zinia si dawa. Haiondoi madini ardhini. Na ikistawi vizuri, usiseme, "Basi udongo wangu ni safi." Katika vilima vya shaba vya Katanga kuna mmea uitwao Haumaniastrum, ambao watu huuita ua la shaba. Huo hupendeza pale pale penye shaba nyingi, mahali ambapo mimea mingi hufa. Uzuri wa ua si cheti cha udongo.

2. Kupanda

Zinia ilitoka Mexico. Hupenda jua, nayo haichagui sana udongo. Panda mvua zikishatulia, mwezi wa Novemba. Fuata hatua hizi:

a) Nyunyiza maji kwanza, ndipo ulime. Kulima udongo mkavu ni kuinua vumbi lile lile tunalolikimbia. Vaa viatu.

b) Changanya mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Inua tuta kidogo ili maji ya mvua yasisimame.

c) Chora mfereji mdogo, kina chake nusu sentimeta tu. Weka mbegu, funika kwa udongo mwepesi, mwagia maji polepole.

d) Mbegu huota baada ya siku 4 hadi 7. Miche ikiwa na majani manne, punguza: acha sentimeta 25 kati ya mche na mche. Afadhali kupanda mahali pa kudumu, maana zinia haipendi kuhamishwa.

e) Mche ukifika urefu wa kiganja na nusu, kata ncha yake. Utatoa matawi mengi, na kila tawi ua lake. Maua huanza baada ya miezi miwili hivi.

3. Kutunza

Mwagia maji asubuhi, chini kwenye shina. Majani yakilala na maji usiku, madoa na ukungu mweupe kama unga huyashika. Usisonganishe mimea, hewa ipite. Jani lenye ugonjwa litolewe mara moja. Ua lililonyauka likatwe, mengine yatachanua.

Majani na mashina unayoyakata katika sehemu hii usiyape mbuzi, wala usiyatie katika mbolea ya mboga.

Zinia huishi msimu mmoja tu. Ikikauka, usiache ardhi uchi: tandaza nyasi kavu mpaka mvua irudi. Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi, na kiangazi ndicho wakati wa vumbi!

4. Usalama

— Makopo, ndoo na sahani za chini ya vyungu vimwagwe maji kila juma. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku chache zaidi ya juma moja. Bustani isituletee mbu.

— Dawa ya wadudu isiwekwe kamwe katika chupa ya limonadi au ya bia. Mtoto hajui kusoma harufu.

— Baada ya bustani, osha mikono kwa sabuni na safisha kucha. Watoto vile vile, hasa kabla ya kula.

— Baba, ukitoka mgodini, vua viatu na nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Maua yote ya Manika hayatoshi kama vumbi linaingia mlangoni juu ya mabega yako.

5. Mbegu za mwaka ujao

Panda mstari wa pili mwezi wa Februari, ili maua yakomae mvua zinapokwisha, kabla ya baridi ya usiku wa Juni. Chagua ua zuri, liache likauke juu ya shina mpaka liwe la rangi ya kahawia. Livunje siku ya jua, kausha mbegu kivulini juma moja, zitie katika bahasha ya karatasi, andika mwaka. Mpe na jirani: vumbi la lupango lake ni lako pia.

Neno la mwisho kwa watumishi. Jina la ua hili linamkumbuka Johann Gottfried Zinn, mwalimu wa utabibu wa Ujerumani. Mwaka 1755 alitoa kitabu juu ya maumbile ya jicho la mwanadamu. Alikufa mwaka 1759, akiwa na miaka 31 tu. Kila ukiona zinia mlangoni asubuhi, ukumbuke miwani yako ya kazi. Anayelinda macho yake ndiye atakayeyaona maua yake jioni.

Maswali ya kujipima nyumbani

1. Ni sehemu gani ya lupango lenu isiyofaa kwa mboga? Kwa nini?
2. Je, kuosha lengalenga hutoa madini yote?
3. Kiangazi kikifika, mtafunika udongo kwa nini?
4. Nani nyumbani kwenu ataangalia makopo ya maji kila juma? Taja jina lake leo.