Kuondoa Kutu katika Cherehani Kuukuu: Somo la Sayansi na Kazi za Mikono

Walimu wengi wanaoanza kazi hudhani kwamba somo la kazi za mikono limefaulu pale kitu kilichotengenezwa kinapong'aa mbele ya macho ya mkaguzi. Mimi nami nilidhani hivyo. Katika makala haya nitaeleza namna ya kuwafundisha wanafunzi wa Darasa la Sita kuondoa kutu katika sehemu za cherehani kuukuu. Lakini kwanza sina budi kueleza kosa lililonifunza njia hiyo.

Kosa langu

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya mwambao, niliazima cherehani kwa bibi mmoja aliyeishi jirani na shule. Ilikuwa Singer ya mkono, ya aina ya zamani, ambayo bobini yake hulala ndani ya chombo chenye umbo la mtumbwi mdogo. Kwa cherehani hiyo bibi alishona foronya na sare za watoto, akapata fedha ya unga na mafuta. Ilikuwa na kutu, lakini ilishona.

Niliwagawia wanafunzi msasa, nikawaambia wasugue kila palipo na wekundu. Baada ya vipindi viwili kila sehemu iling'aa kama kijiko kipya, nasi tukairudisha kwa shangwe. Siku ya tatu bibi alikuja shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, cherehani yang'aa, ila haishoni."

Tulikuwa tumeisugua ncha ya ule mtumbwi hata ikawa butu. Kazi ya ncha hiyo ni kupenya katika kitanzi cha uzi wa sindano, ili uzi wa juu na uzi wa bobini upate kushikana. Ncha ikiwa butu hukikosa kitanzi, na mshono huruka. Nilinunua chombo kingine kwa posho yangu. Lakini kabla hakijapatikana, bibi alikaa majuma matatu bila kazi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza kutu itatokaje, huuliza kwanza: sehemu hii hufanya kazi gani?

Swali hilo ndilo roho ya somo lenyewe.

Maandalio: misumari katika chupa

Majuma mawili kabla ya somo, waongoze wanafunzi kuweka misumari mipya katika chupa nne. Chupa ya kwanza iwe kavu kabisa na izibwe vizuri. Ya pili iwe na maji yaliyochemshwa, yakamiminiwa mafuta juu ili hewa isiingie. Ya tatu iwe na maji ya kawaida, msumari ukizama nusu. Ya nne iwe na maji ya chumvi, nao msumari uzame nusu. Kila siku kiongozi wa kundi aandike mabadiliko anayoyaona.

Wanafunzi wenyewe watagundua kwamba kutu huhitaji maji na hewa pamoja, na kwamba chumvi huiharakisha. Hapo watafahamu kwa nini vyombo vya chuma vya watu wa pwani huliwa upesi kuliko vya bara penye ukavu. Waeleze pia mambo mawili yatakayowafaa baadaye. Kwanza, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana skrubu iliyoshika kutu hubana, na nikeli iliyopakwa juu ya chuma hubanduka. Pili, kutu ina vinyweleo vinavyopitisha maji na hewa, kwa hiyo haiukingi mwili wa chuma kilicho chini yake. Kutu ikiachwa, huendelea kula.

Vifaa

Tayarisha mafuta ya taa kidogo, mafuta ya cherehani, vitambaa vya pamba, mswaki mkuukuu, vijiti vya mianzi vilivyochongwa, sufu laini ya chuma, siki, magadi, bisibisi zinazoenea barabara katika mifuo ya skrubu, na vikopo vyenye namba. Kazi ifanyiwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Mafuta ya taa na siki yashikwe na mwalimu, au na wanafunzi wawili anaowasimamia kwa karibu. Sindano itolewe kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa ina kutu itupwe mahali pa salama, kwa maana sindano mpya ni rahisi, na sindano iliyokwaruzika hukata uzi.

Njia ya kufundisha

Hatua ya kwanza: kutazama. Kwa dakika kumi pasiwe na mwanafunzi anayesugua kitu. Geuza gurudumu polepole, kila kundi litazame na kutaja kila sehemu inachofanya. Wachore walichokiona, mwenye simu ya kamera aweza pia kupiga picha. Kila skrubu itakayofunguliwa iingie katika kikopo chenye namba iliyo katika mchoro. Skrubu nyingi za cherehani za zamani zina hesi za aina ya pekee, na ikipotea moja si rahisi kupata ya kuifaa.

Hatua ya pili: kutofautisha kutu na utando. Aghalabu rangi ya hudhurungi inayoonekana si kutu, bali ni mafuta ya miaka mingi yaliyokauka, hasa pale mwenyewe alipotia mafuta ya kupikia. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ikiwa rangi inahamia kitambaani na chuma laini kinaonekana chini yake, ule ulikuwa utando. Ikiwa pamebaki ukavu unaokwaruza kidole, hiyo ni kutu. Cherehani nyingi zinazodhaniwa kuwa zimekufa kwa kutu zimegandishwa na utando tu.

Hatua ya tatu: kuzigawa sehemu katika mafungu. Andika ubaoni mafungu manne, wanafunzi waseme kila sehemu iingie wapi, na kwa sababu gani.

Fungu la kwanza ni sehemu zinazogusa uzi na nguo: chombo cha bobini, bamba la sindano, vishikio vya uzi, mguu wa kukandamizia nguo. Hizi hazipigwi msasa kamwe. Zilowekwe katika mafuta, zifutwe, na madoa yakwanguliwe kwa kijiti cha mwanzi. Doa jeusi lililobaki bila ukwaru haliharibu mshono, liacheni.

Fungu la pili ni sehemu zinazosuguana, kama vile fimbo inayobeba sindano. Zimepimwa kwa kipimo chembamba sana, ukizipunguza zitacheza. Tia mafuta ya taa, ngoja hata kesho yake, kisha geuza gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo. Usitumie nguvu. Zikilegea, futa mafuta ya taa yote na utie mafuta ya cherehani.

Fungu la tatu ni vichwa vya skrubu na vyuma vidogo visivyopakwa kitu. Hivi vyaweza kusuguliwa kwa sufu ya chuma yenye mafuta, au kulowekwa katika siki na kutazamwa mara kwa mara. Asidi ya siki huyeyusha kutu, lakini ikikawia huanza kula chuma chenyewe. Vikitoka vioshwe kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, vikaushwe mara moja, na vipakwe mafuta papo hapo. Vikiachwa na unyevu, kutu mpya hutokea siku ile ile. Springi zisitiwe katika siki, kwa kuwa asidi huweza kuzifanya zivunjike.

Fungu la nne ni mwili wenye rangi nyeusi na nakshi za dhahabu. Huu ufutwe kwa kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani peke yake. Spiriti huyeyusha vanishi inayozilinda nakshi.

Hatua ya nne: kurudisha na kujaribu. Wanafunzi waunganishe sehemu kwa kufuata mchoro, watie tone moja la mafuta katika kila tundu, kisha washone kipande cha kitambaa chakavu. Kitambaa hicho ndicho mtihani. Kikundi kisihesabiwe alama kwa mng'ao wa chuma, bali kwa unyofu wa mshono na kwa sababu wanazoweza kutoa juu ya kila walilolifanya.

Neno la mwisho

Mwalimu mwenzangu, usiache kipindi kiishe bila kuwauliza wanafunzi cherehani hiyo ilifikaje katika hali ile. Watajibu kwamba haikufunikwa, haikutiwa mafuta, na iliwekwa karibu na dirisha lielekealo bahari. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tone moja la mafuta kila juma lingaliokoa jasho la darasa zima. Na ukiazima chombo cha mtu, kumbuka kwamba huenda umeazima riziki yake. Mfundishe mtoto kuiheshimu kazi ya chombo kabla ya kukishika.

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Kwa nini msumari katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta haukushika kutu upesi?
2. Mwanafunzi amepata kikwaru kidogo katika bamba la sindano. Utamwelekeza afanye nini, na kwa sababu gani?
3. Tengeneza maandalio ya somo kama hili kwa kutumia chombo kingine kinachopatikana karibu na shule yako, kama vile baiskeli au pampu ya maji. Anza kwa kuorodhesha sehemu ambazo hazipaswi kusuguliwa.