Seli Shina na Ugonjwa wa Parkinson

Mara kwa mara jamaa za wagonjwa huniuliza kama yafaa kuuza shamba ili mzee wao apelekwe ng'ambo akapandikizwe seli shina. Ili tujibu, hatuna budi kuyaelewa kwanza maradhi yenyewe. Tuchukue mfano wa ugonjwa wa Parkinson.

Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza dopamini, kemikali iusaidiayo ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa kidogo kidogo. Mikono hutetemeka, viungo hukakamaa, na hatua huwa nzito. Dawa ya levodopa hugeuka kuwa dopamini ubongoni, lakini haizuii seli kufa.

Kwa nini basi tusipandikize seli mpya? Mnamo mwaka 1987, huko Lund, Uswidi, madaktari walianza kuwapandikizia wagonjwa seli za ubongo wa vijusi. Baadhi yao walipata nafuu ya miaka mingi. Lakini jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2001 lilitoa fundisho kali. Kati ya wagonjwa 40, nusu walipandikizwa seli. Nusu walitobolewa fuvu tu, wala hakuna mgonjwa aliyejua yumo kundi gani. Baada ya mwaka mmoja walipoulizwa hali zao, makundi hayo hayakutofautiana. Tena baadhi ya waliopandikizwa walipatwa baadaye na viungo kuchezacheza bila ya hiari.

Seli shina ni seli ambayo bado haijawa na kazi maalumu, nayo yaweza kukuzwa ikawa seli ya aina nyingine. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha kwamba hata seli ya ngozi ya mtu mzima yaweza kurudishwa katika hali inayofanana na hiyo. Mwaka 2018 madaktari wa Kyoto walianza kupandikiza seli za namna hii ubongoni. Taarifa yao ya mwaka 2025 yaeleza wagonjwa 7: katika miaka miwili hapakutokea madhara makubwa, na 4 kati ya 6 waliopimwa mwendo walipata nafuu. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Basi anayeuza tiba hii aulizwe: seli zimetoka wapi? Zitawekwa mahali gani? Matokeo yamelinganishwa na ya nani? Asiyeweza kujibu hastahili kupewa thamani ya shamba.