Jua Haki Zako: Gari la Umeme Lililotembea Sana, na Maneno Yanayomfunga Muuzaji

Chukua tangazo la aina unayokutana nayo kwenye simu kila siku: "Nissan Leaf 2018, betri ya 40 kWh, kilomita 148,000, betri iko freshi, inaenda kilomita 400 kwa chaji moja, ilikuwa ya mama mmoja mwalimu, bei maelewano." Mnunuzi akifika kwenye zile kilomita 148,000 hushtuka, akaanza kuomba apunguziwe bei. Ningekuwa yeye ningehangaika zaidi na maneno yanayofuata, kwa sababu gari likija kukusumbua, hayo ndiyo utakayoyabeba mahakamani.

Nchini Kenya mauzo ya gari yanaongozwa kwanza na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 31. Kifungu cha 15 kinasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Kinamhusu kila muuzaji, awe yadi kubwa ya Ngong Road au jirani yako anayehama mtaa. Mwaka 2018 ni maelezo. 40 kWh ni maelezo. Kilomita 148,000 ni maelezo pia, na ikithibitika kwamba odomita ilirudishwa nyuma, hukupewa ulichonunua. "Iko freshi" ni sifa za sokoni tu. Hakuna hakimu atakayeupima ufreshi, na muuzaji analijua hilo, ndiyo maana hulitumia neno hilo badala ya kuandika asilimia.

Zile "kilomita 400" zina mambo. Nissan Leaf ya 40 kWh ilipotoka mwaka 2017, Japani ilitangazwa kwa kilomita 400 kwa kipimo cha JC08 kilichotumika huko wakati ule. Kwa kipimo kipya zaidi cha WLTC, gari hilohilo, likiwa jipya, likapata kilomita 322. Marekani, shirika lao la mazingira, EPA, likalipa maili 151, yaani kama kilomita 243. Gari ni moja, betri ni moja, majibu matatu. Muuzaji akibanwa atasema alinukuu kampuni iliyolitengeneza, wala hatakuwa amedanganya moja kwa moja. Kwa hiyo usiiache sentensi hiyo ielee. Muulize kwa ujumbe wa maandishi: "Leo, likiwa na betri hii lililo nayo, linatembea kilomita ngapi likijaa?" Jibu lake ni kauli kuhusu gari lililo mbele yako, na kauli ya namna hiyo ina uzito mwingine kabisa kisheria.

Sasa tuingie kwenye mileji, maana ndiyo inayowatisha watu bure. Gari la umeme halina injini ya kuchoka, halina oili ya injini ya kubadilisha, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Shoki, bushi na matairi huchakaa kama kwa gari lolote, lakini hayo fundi wa mtaani anayajua. Kinachobeba thamani ni betri kuu, na betri huzeeka kwa umri na kwa joto pamoja na kilomita. Ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji kama magari mengi ya umeme ya siku hizi. Hupoa kwa hewa tu. Gari lililokaa miaka mingi kwenye joto, likijazwa pomoni na kuachwa juani, linaweza kuwa na betri mbovu kuliko jingine lililotembea mara mbili yake kwenye barabara kuu. Kuna mileji ya kuulizia kwa makini, hata hivyo, nayo ni ya teksi. NopeaRide iliendesha Leaf za teksi Nairobi tangu 2018 hadi ilipofunga mwaka 2022, na gari la kazi ya namna hiyo huchajiwa kwa kasi mara nyingi kuliko la mwalimu wa kwenye tangazo. Uliza lilifanya kazi gani, na jibu liwe maandishi.

Kaa kwenye kiti cha dereva, washa, tazama dashibodi. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna safu ya vijistari vidogo 12. Vinaonyesha ukubwa wa betri uliobaki, si chaji iliyomo, na wanunuzi wengi huvichanganya. Cha kwanza hupotea betri ikishuka hadi kama asilimia 85 ya uwezo wake wa mwanzo, na vinavyofuata hupotea kila inaposhuka asilimia sita hivi. Vikibaki tisa, uko kwenye asilimia 70 au pungufu kidogo. Piga hesabu: asilimia 70 ya zile kilomita 243 ni 170, na kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, tena unapanda Limuru kwanza. Utafika ukiwa umezima kipasha joto na moyo uko mkononi.

Lakini vijistari 12 vikiwa vimejaa kwenye gari la kilomita 148,000, usishangilie. Mwenye kifaa cha uchunguzi anaweza kufuta kumbukumbu ya mfumo wa betri ya Leaf, vijistari vikarudi vyote. Baada ya wiki kadhaa za kuendeshwa, mfumo hujipima upya na vijistari huanza kuanguka kimoja kimoja, pesa ikiwa imeshaliwa. Kwa hiyo lete mtu mwenye kidude kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Itakuonyesha asilimia ya afya ya betri, idadi ya mara ilizochajiwa kwa kasi, na volti za seli zake zilizopangwa kwa jozi 96. Endesha mlimani huku ukitazama: jozi moja ikishuka sana kuliko wenzake, hiyo ni dosari. Kwa kuwa hata hiyo asilimia huweza kupotoshwa na ufutaji, kipimo ninachokiamini zaidi ni mita ya tokeni. Shusha chaji hadi asilimia 10, zima vingine vyote nyumbani, chaji hadi lijae, kisha hesabu yuniti zilizoliwa. Betri nzima ya 40 kWh itameza yuniti 35 au zaidi, ukihesabu na zinazopotea njiani. Ikitosheka na 26 hivi, imeshasinyaa.

Kipimo hicho huchukua usiku mzima, na ndiyo sababu mkataba wako unahitaji muda wa majaribio. Mikataba mingi ya magari hapa kwetu ni karatasi moja: majina, namba ya usajili, bei, na mstari wa kusema gari "limeuzwa kama lilivyo". Omba kifungu hiki kiongezwe, hata kwa kalamu, na pande zote mbili ziweke sahihi pembeni:

"Muuzaji anathibitisha kwamba afya ya betri kuu ya gari hili, iliyosomwa mbele ya pande zote mbili leo, ni asilimia ……, na kwamba, kwa anavyojua, kumbukumbu ya mfumo wa betri haijawahi kufutwa. Kipimo kikifanywa ndani ya siku 14 na kuonyesha chini ya asilimia ……, mnunuzi ana hiari ya kulirudisha gari na kurejeshewa pesa zote alizolipa."

Muuzaji akikataa kuweka sahihi, umepata jibu bila kulipia fundi.

Je, ule mstari wa "kama lilivyo" unakufunga? Inategemea ni nani anayeuza, na hapa ndipo wengi huangukia. Kifungu cha 16 cha Sura 31 kinaweka sharti kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo lazima iwe na ubora wa kuuzika. Yadi imo ndani ya sharti hilo. Jirani yako hayumo. Kwake umebaki na maelezo aliyokupa, na haki ya kumshtaki akikudanganya. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamwongezea mfanyabiashara mzigo: kifungu cha 5 kinamhesabu kuwa ametoa dhamana ya ubora unaostahili, na hawezi kuifuta kwa mstari wa mkataba. Kifungu cha 12 kinahesabu kuwa udanganyifu kusema bidhaa imetumika kwa kiasi tofauti na ukweli. Odomita iliyochezewa imo humo. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinakuruhusu kuvunja makubaliano yaliyotokana na udanganyifu wa aina hiyo na kudai fidia. Nyuma ya yote kiko Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachokupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari zinazohitajika ili unufaike nazo.

Ndiyo maana ujanja wa siku hizi ni yadi kukuambia, "Hili ni la mteja, sisi tunamuuzia tu." Unaingia yadi, unaongea na yadi, unalipa kwa tili ya yadi, halafu kwenye mkataba jina la muuzaji ni la mtu usiyemjua. Kataa mpango huo, au yadi iweke sahihi kama muuzaji au mdhamini wake. Isipotaka, hesabu kwamba unanunua kwa mtu binafsi na bei ishuke ipasavyo.

Kifungu cha 16 cha Sura 31 kina mtego mwingine. Ukilikagua gari kabla ya kununua, sharti la ubora haligusi dosari ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Usiache kukagua kwa kuogopa hilo, ila andika ulichokagua: "Nilikagua bodi, matairi na vijistari vya dashibodi, betri haikupimwa kwa kifaa." Karatasi hiyo humzuia muuzaji kusema baadaye kwamba uliyaona yote ukakubali.

Kwa gari lililoingizwa kutoka Japani, dai uone cheti cha kuliondoa nchini humo. Huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa serikali yao. Cheti kikisema 171,000 na dashibodi ikasema 148,000, huhitaji fundi. Udhamini wa betri wa Nissan kwa gari hilo ni miaka 8 au kilomita 160,000, kipi kitangulie, endapo vijistari vitashuka chini ya tisa. Lakini ulitolewa kwa soko la huko, kwa hiyo usiulipie shilingi hata moja mpaka uandikiwe barua kwamba unatambuliwa hapa. Tazama pia tundu la chaji ya kasi. Leaf ya Japani hutumia CHAdeMO, na vituo vingi vipya vinawekewa aina nyingine. Tundu kuwa hivyo si dosari, hakuna wa kumshtaki.

Umiliki nitaupitia haraka. Logibuku iwe na jina la anayekuuzia, isiwe na jina la benki pembeni, na utafute kwenye sajili ya dhamana ya mali zinazohamishika kupitia eCitizen kuona kama gari limewekwa rehani. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 za kuhamisha umiliki. Na uliza kama betri ni ya muuzaji: Ulaya kuna Renault Zoe zilizouzwa huku betri ikibaki ya kukodi, na hata hapa Nairobi kuna pikipiki za umeme ambazo mwendeshaji hamiliki betri anayobadilishiwa kituoni.

Msomaji wa Tanzania atakuta Sura 214 inazungumza lugha hiyohiyo, kwa kuwa sheria zote mbili zimetokana na ile ya Uingereza ya 1893; kwa upande wa kumlinda mlaji, ataanzia Tume ya Ushindani.

Tuseme umeshanunua na vijistari vimeanza kuanguka. Kukawia ndiko kutakakokuangusha. Ukiendelea kulitumia gari kwa muda mrefu bila kulalamika, sheria inahesabu umelipokea, na unapoteza haki ya kulirudisha. Unabaki na fidia tu, ambayo kwa kawaida ni tofauti kati ya thamani ya gari ulivyoahidiwa na thamani yake halisi. Kwa hiyo siku unapogundua, liegeshe, piga picha ya dashibodi pamoja na odomita, na umwandikie muuzaji kwamba unalikataa na kwa nini. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, barua ifuate.

Dai lisilozidi shilingi milioni moja liko ndani ya uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo. Huhitaji wakili, mahakama hiyo haibanwi na kanuni zote za ushahidi, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe. Pengo la thamani kwa sababu ya betri mara nyingi litatosha humo hata kama bei nzima ya gari ilizidi milioni. Lakini ukitaka pesa zote zirudi na zilizidi kiwango hicho, utakwenda kwa hakimu wa mahakama ya kawaida. Beba tangazo lenyewe ulilolihifadhi siku ya kwanza, kwa kuwa wauzaji hulifuta mara tu gari likiuzwa, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, mkataba, na taarifa ya kipimo cha betri yenye tarehe na sahihi ya aliyepima.