Maji ya Kijani Yanatuambia Nini?

Somo la vikundi: mwani wa maji baridi katika visima, matangi na mabwawa



Tukitembelea vikundi, swali moja hurudi kila mara: "Tangi letu limekuwa kijani. Tutie dawa gani?" Leo tuligeuze swali hilo kidogo. Kabla ya kuuliza tutie nini, tuulize ni nini kimekwisha kuingia. Maana rangi ile haiji bure. Ni mjumbe, na wazee walisema mjumbe hauawi.

Somo letu tutalianzia kisiwani Mombasa, Mji wa Kale, kwa sababu pale visima, mabirika, matangi na vyoo vimekaribiana sana, na mambo yanaonekana wazi. Lakini hata ukiwa Kwale, Kilifi au Taita, utaona ni yale yale.

UKIJANI HUU NI NINI?

Mtu wa pwani akisikia neno mwani hufikiri majani ya baharini. Ule ukijani wa tangini ni mwani pia, ila ni wa maji baridi, na mwingi ni mdogo hata jicho halioni mmoja mmoja. Ukifika mamilioni ndipo maji hugeuka rangi. Mwingine huwa kama nywele zilizoshika jiwe. Mwingine ni ule utelezi wa kwenye ngazi za kisima, unaoangusha watoto. Mbegu zake ziko kila mahali: katika vumbi, miguu ya ndege, hata ndoo unayotekea. Basi huwezi kuuzuia usije. Unaloweza ni kuunyima riziki.

MAFIGA MATATU NA MOTO WAKE

Mwani ni kama chungu jikoni. Una mafiga matatu:

1. Mwanga. Mwani hujipikia chakula kwa jua, kama mahindi shambani. Gizani hauwezi.

2. Chakula cha kukuzia. Hasa ni naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ile ile ya shambani. Majini huletwa na mkojo, kinyesi cha watu na wanyama, mabaki ya chakula, sabuni na mbolea iliyochukuliwa na mvua.

3. Utulivu. Maji yaliyosimama humpa mwani nafasi ya kuongezeka. Katika mto wa mbio husombwa, ukabaki ule tu unaong'ang'ania mawe.

Na moto ni joto. Mombasa joto halikosekani mwaka mzima, kwa hiyo mwani hukua upesi kuliko kule milimani. Joto hatuwezi kulipunguza. Lakini ukiondoa figa moja tu, chungu hakikai.

KISIMA KISICHO NA RANGI

Sasa twende Mji wa Kale. Msikiti wa Mandhry ulijengwa karibu mwaka 1570, na kisima chake kiko ng'ambo ya barabara. Hata ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kuna kisima na tangi la kukingia mvua. Kwa karne nyingi kisiwa kiliishi kwa maji ya namna hii. Bomba kutoka chemchemi za Mzima, umbali wa kilomita 220 hivi, lilikamilika 1957. Lakini watu wamezidi, maji ya mfereji huja kwa zamu, na visima bado vinatumika.

Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe. Mvua hupenya, na maji baridi hukaa juu ya maji chumvi yatokayo baharini. Jiwe lenyewe lina matundu na nyufa, hivyo maji hushuka mbio bila kuchujwa vizuri. Na katika jiwe hilo hilo tumechimba vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka, mara nyingi hatua chache tu kutoka kisimani. Mvua kubwa ikija, maji ya chini hupanda yakakutana na ya chooni.

Chungulia sasa kisima kirefu kilichofunikwa. Maji ni maangavu, hayana mwani hata kidogo. Utasema ni safi. Ngoja kwanza! Mwani haupo kwa sababu hakuna mwanga. Chakula chake huenda kimejaa tele. Maji yale yale yakipandishwa kwenye tangi jeupe la plastiki juu ya paa, jua likapenya, baada ya siku kadhaa ni kijani. Mwenye nyumba analalamika: "Tangi limeharibu maji." La. Tangi limefichua yaliyokuwamo.

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Kufunika huondoa rangi, hakuondoi uchafu. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havihitaji jua, wala havina rangi. Na ile naitrojeni yenyewe ikizidi katika maji ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na kuchemsha hakuiondoi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Katika nyumba za kale za Lamu, birika lilijengwa ndani, kivulini, likapakwa chokaa. Walifuga humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini waliweka bakuli la kaure ili samaki wapate mahali pa kukaa maji yakipungua. Waliondoa figa la mwanga bila dawa yoyote.

JARIBIO: CHUPA TATU

Fanyeni hili pamoja, ili kila mmoja aone kwa macho yake. Tafuteni chupa tatu zinazoonyesha ndani, mzioshe vizuri.

Chupa A: maji ya kisima, iwekwe juani.
Chupa B: maji ya kisima hicho hicho, ifungwe kwa kitambaa cheusi, iwekwe karibu na A.
Chupa C: maji safi ya mvua, iwekwe juani.

Katika kila chupa tieni kijiko kimoja cha maji ya kijani, ndiyo mbegu. Zibeni kwa kitambaa chepesi, mwandike USINYWE. Angalieni kila siku kwa wiki mbili.

Kwa kawaida A itakolea kijani, B haitakolea, na C itachelewa au itabaki hafifu. Kati ya A na B mtajifunza kazi ya mwanga. Kati ya A na C mtajifunza kazi ya chakula. Lakini hata kama A haikugeuka, msishangilie. Jaribio hili halipimi vijidudu. Maji ya kunywa lazima yapimwe na afisa wa afya.

UKIJANI ULIO NA SUMU

Mwani mwingi hauna sumu. Ila iko jamii moja ya rangi ya kijani-bluu, ambayo wataalamu huihesabu kuwa bakteria, na baadhi yake hutoa sumu kali. Mara nyingi huonekana kama rangi ya nyumba iliyomwagika juu ya maji, tena yenye harufu mbaya. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, maji yenye sumu hiyo yalitumiwa hospitalini kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya watu 50 walikufa. Hapa Kenya sumu hiyo imeonekana katika Ghuba ya Winam, Kisumu, ambako taka za mijini na mashambani huingia ziwani.

Mkiona utando wa namna hiyo kwenye bwawa au lambo, msinywe, msioge, wala msinyweshe ng'ombe. Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Na msitie mrututu kama wengine wanavyoshauri! Mwani ukifa ghafla hupasuka na kumwaga sumu yote majini, na mrututu wenyewe huua samaki.

TUFANYE NINI?

• Tumia tangi jeusi, au lijengee kivuli. Funika tangi, kisima na mitungi.

• Tangi likigeuka kijani, limwage lote, lisugue, lisuuze. Kisha tafuta maji yalitoka wapi.

• Mvua ya kwanza iache ipite. Inaosha vumbi na mavi ya ndege juu ya paa.

• Usifulie wala kuoshea vyombo kando ya kisima. Jenga ukingo na mfereji wa kupeleka maji mbali.

• Vijijini kuna nafasi: choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na upande wa bondeni. Kule Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba, nafasi hiyo haipo. Basi mashimo yanyonywe kabla ya kufurika, maji ya kisima yawe ya kufulia na kusafishia, na ya kunywa yawe ya mfereji yaliyotiwa dawa.

• Kabla ya kutia dawa ya klorini, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Ukijani hula dawa, vijidudu vikabaki.

BWAWANI NI RAFIKI

Kwa vikundi vinavyofuga samaki, habari ni tofauti. Mwani ni malisho ya tilapia, kwa hiyo maji ya kijani kidogo ni mazuri. Pimeni kwa mkono: mchana wa jua, zamisha mkono wima. Vidole vikipotea maji yanapofika kiwikoni, kiasi kinafaa. Vikipotea mapema, mwani umezidi. Acheni kutia mbolea. Usiku mwani nao huvuta hewa ya majini, na ukizidi, alfajiri mtakuta samaki wanatweta juu ya maji, wengine wamekufa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji ya kikundi chetu yana figa lipi kati ya yale matatu?
2. Kutoka kisima chetu hadi choo cha karibu ni hatua ngapi? Nani atapima wiki hii?
3. Kisima chetu ni kiangavu kwa kuwa ni safi, au kwa kuwa ni kiza?
4. Tutazungumzaje na jirani ambaye choo chake kiko juu ya kisima chetu, bila kuleta ugomvi?

Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Maji ya chini hayajui mpaka wa kiwanja, wala hayaulizi mtu anasali kanisani au msikitini. Someni pamoja Mwanzo sura ya 26, habari za Isaka na visima vya baba yake. Alifukua, akagombaniwa, akaondoka akafukua tena, mpaka akapata nafasi. Nasi tusichoke. Pimeni zile hatua, fanyeni lile jaribio, kisha muiteni jirani aje aone chupa A. Pengine itasema naye vizuri kuliko sisi.