Sakafu ya Baraza: Ubao Hudumu, Mhimili Je?

Katika nyumba nyingi za pwani, baraza ndipo mgeni hupokewa, mkeka hutandikwa na jioni hupumzikiwa. Ndiyo pia sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi na jua, mvua na hewa ya chumvi. Pale ardhi ina mteremko au maji hutuama, sakafu ya baraza huinuliwa juu ya nguzo na kutandazwa mbao. Kando ya mninga, mvule na paini, sasa madukani zipo pia mbao za mchanganyiko, ambazo wauzaji huziita WPC, nazo husifiwa kwamba hazihitaji matunzo. Sifa hiyo ina ukweli wake, lakini ni sifa ya ubao peke yake. Haihusu kile kinachoubeba.

Ubao wenyewe

Mbao za mchanganyiko hutengenezwa kwa unga wa mbao na plastiki iliyoyeyushwa, vikashindiliwa pamoja katika umbo la ubao. Hazihitaji kupakwa vanishi wala mafuta kila mwaka, hazitoi vibanzi vya kuchoma nyayo, na haziozi upesi kama mbao laini za kawaida.

Hata hivyo hazilingani zote. Zipo zenye gamba la plastiki tupu juu yake, na zipo zisizo na gamba. Katika hizi za pili, unga wa mbao ulio karibu na uso hunywa maji, na kwa hiyo madoa ya mafuta na kuvu hushika kwa urahisi. Zipo zilizojaa, na zipo zenye uwazi ndani. Zenye uwazi ni nyepesi na aghalabu bei yake ni nafuu, lakini ncha zake lazima zizibwe ili maji na wadudu wasipate makao.

Mnunuzi azingatie pia tabia ya mbao hizi juani. Zenye rangi nyeusi hupata joto kali, kiasi cha kuwatesa watoto wanaocheza pekupeku. Rangi hafifu hufaa zaidi. Tena hurefuka zinapopata joto: ubao wa mita 4 waweza kuongezeka milimita kadhaa kati ya alfajiri na adhuhuri. Fundi asiyeacha mwanya kwenye ncha atarudi kuzikuta mbao zimefura na kuinuka.

Kinachobeba ubao

Chini ya sakafu kuna mihimili na nguzo, na mara nyingi hizo ni mbao za kawaida. Mchwa wasioujali ubao wa juu watapanda nguzoni na kuila mihimili taratibu, gizani. Juu sakafu itabaki inang'aa. Udhaifu wake waweza kujulikana siku ya arusi au hitima, watu wanapojaa barazani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana fedha za kwanza ziende kwenye mihimili, na zitakazobaki ndizo ziamue aina ya ubao.

Mihimili ya paini iwe imetiwa dawa kwa shinikizo kiwandani. Rangi ya kijani pekee si ushahidi, kwani rangi hupakwa hata kwa brashi. Mnunuzi aombe kipande kikatwe, atazame dawa imepenya kina gani. Kila ncha inayokatwa wakati wa ujenzi ipakwe dawa upya. Nguzo zisizikwe udongoni, bali zisimame juu ya vitako vya zege. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi hula misumari ya kawaida upesi. Chini ya sakafu ibaki nafasi ya hewa kupita na ya mtu kuchungulia.

Mfano wa hesabu

Tuchukue baraza lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2.5. Ubao una upana wa sentimita 14, na mwanya kati ya ubao na ubao ni nusu sentimita. Sentimita 250 zikigawanywa kwa 14.5 ni 17 na ziada; kwa hiyo zinahitajika mbao 18 za mita 4. Mihimili ikiwekwa kila baada ya sentimita 40, inahitajika 11, kila mmoja wa mita 2.5, yaani jumla ya mita 27.5. Baadhi ya mbao huhitaji mihimili ya karibu zaidi, hadi sentimita 30. Kipimo cha mtengenezaji kifuatwe. Kupunguza mihimili ili kuokoa fedha ni kununua sakafu itakayobonyea.

Matunzo yasiyokwepeka

Sakafu ifagiliwe, ioshwe kwa sabuni na brashi laini, na mianya iondolewe majani. Kabla na baada ya masika, mwenye nyumba achungulie chini kwa tochi. Akiona vijia vya udongo juu ya nguzo, au bisibisi ikizama katika mhimili bila kutumia nguvu, achukue hatua mara moja. Vipande vilivyobaki, viwe vya plastiki au vya mbao zenye dawa, visitiwe jikoni kuwa kuni: moshi na majivu yake vina sumu.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi amwulize muuzaji maswali manne: ubao una gamba au hauna, mihimili iachane kwa kipimo gani, dhamana ni ya miaka mingapi, na inahusu nini, na mbao za nyongeza zitapatikana wapi zikihitajika. Ajumlishe bei ya ubao, mihimili, skrubu na fundi, kisha alinganishe na mninga unaopakwa mafuta mara kwa mara. Mahali ambapo ardhi ni tambarare na kavu, sakafu ya saruji huenda ikatosha kabisa.

Mkazi anayekusudia kujenga baraza la kuinuliwa aulize kwanza, kwa mtendaji wa kata au idara ya ujenzi ya halmashauri, kama kazi yake inahitaji kibali.